Utumbo Uliokataa Kukamuliwa

Utumbo ulikwama. Kapinga akaukamata upya kwa kidole gumba na cha shahada, akausukuma kuelekea chini kama alivyosukuma matumbo ya kuku kwa miaka ishirini na nane, bila kuangalia, huku akimsimulia binti yake habari za mwenye kinu wa Katuba, mtaa wao pale Lubumbashi, anayechanganya pumba za mahindi na vumbi. Utumbo haukusogea. Katikati ulikuwa mgumu kama soksi iliyojazwa mchanga.

"Exaucée, letea miye wembe."

Kawaida wembe hauna kazi hapo. Unakamua kwa mkono, yaliyomo yanamwagika ndooni, unasuuza kwa chumvi, kisha unauzungusha utumbo kwenye mguu wa kuku uliobabuliwa na kuondolewa kucha, unapiga fundo, basi. Miguu iliyofungwa hivyo, ikikaangwa na pilipili, watu wa Katuba huila na bukari, ugali wa huko, mpaka wakatafuna mifupa. Kapinga alianza na sinia moja la miguu hiyo kichwani, akiuza kwenye milango ya baa. Sinia likazaa kuku, kuku wakazaa nyumba ya vyumba vitatu yenye lupango, yaani ua, wa nyuma uliozungushiwa ukuta. Hakuna aliyempa kitu. Marehemu mumewe alimwachia jina na redio mbovu.

Alipasua utumbo kwa wembe, na maneno yakamkatikia mdomoni.

Ndani hamkuwa na pumba. Mlikuwa na minyoo, myeupe, kila mmoja urefu wa kidole, imesokotana kama kamba ya kufungia gunia. Na ilikuwa ikicheza. Kuku alikwisha chinjwa, alikwisha nyonyolewa, damu yake ilikwisha kauka kwenye jiwe, lakini vitu vilivyokuwa ndani yake vilikuwa vikijinyoosha juani kana kwamba vimeamshwa kabla ya saa yao.

"Mama yangu weee!" Exaucée alirusha sahani. "Biko bizima! Mama, biko bizima!"

"Funga kinywa."

"Lakini Mama, ona..."

"Minaona. Niko na macho. Funga kinywa, kisha funga mulango ya lupango."

Kapinga akampasua kuku wa pili, wa banda lake pia. Minyoo. Wa tatu. Minyoo. Akauweka wembe, akamgusa wa nne kidari kwa kidole gumba, akamgusa tena, kama asiyeuamini mkono wake.

Ili uelewe mshtuko huo, yafaa ujue mkono wenyewe ulikuwa mkono gani. Kuku hana siri mbele ya mkono wa Kapinga. Mtu akimletea kuku, yeye alimgeuza miguu juu, akamgusa mfupa wa kidari kwa kidole gumba, akaanza kuzungumzia mvua. Kabla muuzaji hajajibu kuhusu mvua, Kapinga alikwisha jua umri wa kuku, uzito wake, na kama alilishwa mahindi na maji mengi asubuhi hiyo ili aonekane mzito. Enzi alipokuwa akipanda lori kwenda Sakania kununua kuku waliovushwa kutoka Zambia, wauzaji wa kule walikuwa wakionyana: leo yule mama wa Kasai mwenye mkono anakuja, ficheni wagonjwa. Yeye mwenyewe alizaliwa Kamalondo, hapohapo Lubumbashi, na Kasai ya wazee wake hakuwahi kuiona, lakini sifa hiyo hakuikataa.

Sasa mkono huo ulikuwa umemwambia kwa miezi miwili kwamba kuku wake mwenyewe wanazidi kuwa wepesi. Vidari vilikuwa vikali kama ukingo wa kisu. Panga nyekundu za vichwani zilipauka. Vifaranga walilegeza mabawa na kusimama pembeni kama wasafiri waliokosa gari. Na yeye alifanya nini? Alikwenda kugombana na mwenye kinu.

Mnyoo mmoja mmoja alikuwa ameuona maisha yake yote wakati wa kukamua. Kila mtu anayeshika matumbo huuona. Huulizi maswali kuhusu uzi mmoja mweupe ndani ya ndoo ya uchafu, unamwaga, unaendelea. Lakini huu haukuwa uzi mmoja. Hawa walikuwa watu wa nyumba nzima waliohamia na vyombo vyao.

Na wiki tano mbele ilikuwepo harusi.

Mama Mwila, mwenye malewa, kibanda cha kuuzia chakula, karibu na soko la mtaa wa Kenya, mteja wake wa miaka saba, alikuwa akimwoza binti yake. Kuku thelathini wazima wangetoka kwa Kapinga. Wazima, kwa sababu ndivyo wanawake wa pande mbili walivyopatana: shangazi za bwana harusi wangekuja kuwachinja wenyewe uani kwa bibi harusi, wawapasue, wawapike, wawalishe wakwe. Kapinga aliwaona akilini. Aliwaona wale shangazi wameinama kwa mstari, visu vinatembea, kisha mmoja anaacha kucheka, kisha wa pili, kisha swali: kuku hizi zinatoka kwa nani?

Jina la mtu anayeuza chakula halishonwi likipasuka. Mteja mmoja akikutapika, mji mzima unashika tumbo. Kabla ya Jumapili hata wale wauzaji wa sinia wangekuwa wakimwimba.

"Usiambie muntu," alimwambia Exaucée. "Hata Mungu usimwambie. Anajua tayari."

Duka la dawa za mifugo alilijua, lipo mjini, lakini pale mlangoni wafugaji wote wa kuku hupigana vikumbo. Mtu akikuona unanunua dawa ya minyoo, atakusaidia kuibeba mpaka kwako ili ahesabu wagonjwa. Kwa hiyo Kapinga alichagua njia ya ukutani. Upande wa pili wa ukuta aliishi Papa Kasonde, mstaafu aliyetumikia kiwanda cha shaba miaka thelathini na moja, mfugaji wa bata, mtu wa kuchokoza.

"Papa Kasonde, zamani, kuku zenu zilipokuwa na minyoka mu tumbo, mulikuwa munafanya nini?"

"Aa, leo bantu ya Kasai banakuja kuomba akili ku mwenye inchi?"

"Akili yako nitairudisha jioni, haitanikalia. Sema tu."

Mzee alicheka, akaingia ndani, akarudi na kopo la maziwa lenye mawe madogo ya buluu, buluu ya mbingu ya mwezi wa tano. Mrututu, chumvi ya shaba. Kiwandani ilikuwa imetapakaa kama mchanga, alisema, na kila mfanyakazi mwenye kuku alipeleka kidogo nyumbani.

"Sikia muzuri, Mama Exau. Kidogo sawa mbegu ya mahindi mu ndoo muzima ya mayi. Siku moja tu. Kesho yake, mayi safi. Na ndoo ikuwe ya plastiki, haiko ya chuma."

"Na batoto ya kuku?"

Papa Kasonde alikuna kidevu. "Batoto? Nazani batoto hatukuwa tunabapa. Ao tulikuwa tunabapa? Ile siku sikumbuki muzuri. Ni miaka mingi."

Kapinga alishukuru, akaenda. Na hapa ndipo alipofanya kosa ambalo mtu mwenye akili ndogo asingelifanya. Maisha yake yote hakuwahi kukubali bei ya kwanza ya mtu yeyote. Ukimtajia mia, alijua ni sitini. Ukimwambia kidogo, alijua unabana. Alilitazama jiwe kiganjani akaona kwamba hata mbegu ya mahindi ilikuwa bei ya kwanza tu. Mbegu moja ni kwa minyoo miwili mitatu ya enzi za wazee. Kwa jeshi aliloliona siku ile, mbegu moja ni mzaha. Akavunja kipande sawa na kidole gumba. Ndoo ya plastiki ilikuwa ndogo. Akachukua ile kubwa ya bati. Na vifaranga arobaini na wanne, ambao ndio walikuwa kuku wake wa mwaka unaofuata, akaona haifai kuwaacha na minyoo huku mama zao wakitibiwa.

Jambo moja alilijua vizuri: kuku mwenye maji tumboni hanywi dawa. Kwa hiyo jioni aliondoa vyombo vyote vya maji.

Asubuhi kuku wakubwa walikimbilia, wakachovya midomo, wakatikisa vichwa kwa hasira, wakaenda zao. Wawili wakaidi walirudi kunywa. Vifaranga hawakuwa na ujuzi wa kukataa. Walikuwa na kiu tu. Walipanga midomo kuzunguka sahani, wakanywa, wakainua shingo, wakanywa.

Saa tano mmoja alilala ubavu. Kapinga akamsimamisha, akalala tena. Saa sita walikuwa kumi. Walitoa kinyesi cha kijani, wakafungua midomo kama wanaotaka kuuliza kitu, miguu ikawanyooka. Alikimbia kumwaga ile ndoo, na alipoigeuza akaganda. Ndani ya bati kulikuwa kumegeuka rangi: kuta zote nyekundu, shaba tupu, kama sufuria mpya dukani. Akakwangua kwa ukucha. Ilikuwa shaba kweli. Maji aliyowapa watoto yalikuwa na nguvu ya kuvisha bati ngozi nyingine.

"Papa Kasonde!"

Kichwa cha mzee kikatokea juu ya ukuta. Kiliangalia vifaranga, kikaangalia ndoo.

"Ulitia ngapi?"

Kapinga akaonyesha kidole gumba.

"Eee Leza!" Mzee alishika kichwa kwa mikono miwili, akasahau kwamba alikuwa amesimama juu ya tofali, nusura aanguke. "Nilisema mbegu! Mama Exau, nilisema mbegu ya mahindi! Hata ngombe ingelikufa!"

Kufikia saa nane vifaranga thelathini na mmoja walikuwa wamekufa, na wale kuku wawili wakaidi pia. Kapinga aliwapanga kwenye gunia kwa mistari, kwa mazoea ya mtu anayepanga bidhaa. Hakulia. Alikuwa ameduwaa, akiwatazama kama mtu aliyerudishiwa chenji asiyoielewa.

Simu yake ilipoanza kulia ndipo alipojua kwamba Exaucée, katika kilio chake, alikuwa amepiga picha lile gunia.

"Ulitia batoto ya kuku yangu ku WhatsApp? Ku statu?"

"Mama, nilikuwa na uchungu..."

"Uchungu! Uchungu yako inaonwa na bantu ngapi mpaka sasa?"

Exaucée akaangalia simu. "Mia moja na kumi na mbili."

Kwa heri au kwa shari, wawili kati ya hao walikuja. Wa kwanza alikuwa Claudine, daktari wa mifugo, mwanamke mfupi mwenye buti za mpira na begi mgongoni. Exaucée alisoma na mdogo wa daktari huyo na ndiye aliyemwomba aje mbio. Wa pili hakualikwa. Mama Mwila ni mtu ambaye sauti yake hufika kabla ya salamu.

"Mama Kapinga! Minaona ku telefone! Ni nini ii? Ni kuku ya mutoto yangu njo inakufa?"

"Si zako, Mama Mwila. Ni batoto."

"Batoto ya nani? Si ya bale mama yao yenye nitalisha wakwe?"

Kapinga alikuwa na majibu matatu tayari ulimini: joto, ugonjwa wa msimu, jirani mwenye wivu. Alifungua mdomo kuchagua moja. Lakini Dokta Claudine alikwisha chuchumaa, akageuza beseni, akamlaza kifaranga mmoja juu yake na kumfungua kwa mkasi mdogo.

Alianza na firigisi. Ngozi ya ndani ilikuwa imeungua, ya kijani, ikatoka vipande.

"Ii ni sumu," alisema. "Nani alibapa jiwe ya bulu?"

"Mbegu ya mahindi! Nilisema mbegu!" Sauti ilitoka ukutani. Kapinga hakugeuka.

Kisha daktari akateremsha mkasi kwenye utumbo. Mama Mwila alikuwa ameinama kuona vizuri, mikono magotini. Utumbo ulifunguka, na ndani yake minyoo midogo, myembamba, mitano, saba, ikajikunja mbali na mwanga.

Kifaranga alikuwa mfu tangu saa sita. Minyoo ilikuwa hai.

Mama Mwila alirudi nyuma hatua moja, hatua mbili, mpaka mgongo ukagonga kamba ya nguo. Na Kapinga, ambaye hajawahi kukaa chini mbele ya mteja, kwa sababu anayekaa amekwisha punguza bei, alikaa chini. Palepale, kwenye vumbi. Aliua watoto wake mwenyewe kwa mkono wake mwenyewe, na wale aliotaka kuwaua walikuwa wakimpungia.

"Nilikula," alisema Mama Mwila polepole. "Miaka saba. Miguu na matumbo ya uyu mwanamuke. Kila siku ya tano. Dokta, minakufa?"

"Hapana, Mama. Ii minyoka ya kuku haiikale mu tumbo ya muntu, na yote ilipita mu mafuta ya moto. Haitakufanya kitu." Daktari alifuta mkasi. Akamgeukia Kapinga. "Mama, nalomba nikuulize. Ile mayi munasafishia matumbo, munamwanga wapi?"

"Ku kuku."

"Munasema?"

"Ku kuku," alisema Kapinga. "Banapenda sana. Mu ile mayi muko pumba, muko mafuta. Kwangu hakuna kitu inapotea."

Alilisema kwa fahari ya zamani, kisha akaona uso wa daktari. Claudine hakumfokea. Alimweleza taratibu, kama mtu anayesoma barua ya msiba. Mnyoo jike hutaga mayai yasiyoonekana kwa jicho, maelfu. Yanatoka na kinyesi, yanakaa kwenye udongo wenye unyevu miezi na miezi, yanangoja. Kuku akidonoa punje palepale, anayameza. Mkubwa anaweza kuishi nayo akikonda. Kifaranga chini ya miezi mitatu hana nguvu hiyo. Na Kapinga, ambaye hununua kuku kila pembe ya mji na kuwachinja hapa, alikuwa akikamua mayai ya minyoo ya Lubumbashi nzima ndani ya ndoo moja, na kila jioni akiwapelekea wanawe kama uji.

"Miaka ngapi, Mama?"

Kapinga alihesabu kwa vidole. Ishirini na nane. Ile ndoo ndiyo ilikuwa akili yake. Wenzake wa sinia walimwaga mtaroni, wakabaki na sinia, yeye hakumwaga. Alikuwa akiwafundisha vijana: tajiri ni yule asiyemwaga. Na sasa mtoto huyu mwenye buti za mpira alikuwa akimwambia kwamba katika maisha yake yote kitu kimoja tu kilistahili kumwagwa.

Mama Mwila alijikusanya. "Mama Kapinga, nitasema mbele ya dokta. Kuku thelathini, nazikata."

Kapinga akainuka, akajipangusa vumbi. Mtu wa biashara hata akiwa amepigwa butwaa, sikio lake moja husikia neno "nazikata".

"Utanunua wapi?"

"Soko iko kubwa."

"Nenda sasa. Nunua kuku yoyote, ya muntu yoyote, letea Dokta apasue. Ikikosa minyoka, nakupa zangu zote bure."

Mama Mwila akamtazama daktari. Daktari akanyanyua mabega: "Mingi ku soko haijawai kuona dawa."

"Basi sikia," alisema Kapinga. "Wiki tano iko mingi. Dokta ataponesha. Siku tatu mbele ya harusi, utakuja weye na shangazi ya bwana harusi. Mutachagua kuku moja, ninyi wenyewe, haiko miye. Nitaifungua mbele ya macho yenu. Mukiona hata moja, unaenda, na miye mwenyewe nitaambia Katuba muzima kama ni kweli, kuku zangu ziko na minyoka."

Mama Mwila alifikiri sana, akiliangalia gunia. "Na bakwe bakiona?"

"Mbele ya bakwe kuona, miye nitakuwa nimekufa ku biashara. Ni weye utakuwa umeponea."

Hapo wakapatana.

Dokta Claudine alileta dawa ya unga, levamizoli. Kapinga alijaribu bei. Daktari hakushuka hata kidogo, ila alimwachia bomba la sindano la kupimia. Alijaribu tena kwa njia nyingine.

"Dokta, tubapatie mara mbili kwa mara moja, tumalize."

Daktari aliangalia tu kona ambako majivu ya vifaranga waliochomwa yalikuwa bado na moshi. Kapinga akajikuta ameziba mdomo kwa kiganja, kama mtoto aliyetukana kanisani.

Basi kipimo kikawa kile kilichoandikwa. Walipima kuku kumi kwenye mizani, wakakadiria wote, wakachanganya dawa kwenye maji ambayo yangekwisha kabla ya saa sita, ndani ya vyombo vya plastiki. Asubuhi kuku walinyimwa maji kwa muda wa saa mbili tu. Vifaranga kumi na watatu waliobaki walitengwa, wakapewa wiki nzima ya maji safi na chakula kizuri, na ndipo na wao wakapewa chao, kidogo kidogo kwa mdomo. Exaucée alitandika magunia meupe chini ya fito za kulalia kuku.

Kesho yake alfajiri walifungua banda. Exaucée alirudi nyuma, akatapika. Kapinga alisimama mlangoni, ameshika kitasa. Magunia hayakuonekana. Yalikuwa yamefunikwa na kitu cheupe chenye kung'aa, mikunjo na mafundo, kana kwamba mtu amemwaga sufuria za tambi gizani. Kuku mmoja akadonoa, na Kapinga akapiga yowe lililomtoa Papa Kasonde kitandani. Walikunja magunia mbio, wakayachoma yote kwa mafuta ya taa.

Alikwangua udongo wa juu wa banda na wa lupango, kina cha kiganja, akautoa kwa toroli, akamwaga chokaa, akaweka maranda makavu, na kila Jumamosi aliyabadilisha. Chakula kikaingia kwenye vihori. Maji ya matumbo yakachimbiwa shimo lenye kifuniko, na mara ya kwanza alipoyamwaga humo alisimama juu ya shimo muda mrefu, akiyatazama yanavyozama na pumba zake na mafuta yake. Wiki ya tatu dawa ikarudiwa, kwa ajili ya ile minyoo iliyokuwa bado michanga mara ya kwanza. Daktari alikataza kuchinja wala kuuza yai mpaka siku zilizoandikwa kwenye paketi zipite. Wiki hizo Kapinga aliuza kuni. Kwa mwenye kinu alirudi kununua pumba, akalipa, akasema mvua ni nyingi mwaka huu. Hilo ndilo lilikuwa ombi lake la msamaha.

Siku tatu kabla ya harusi Mama Mwila alifika na shangazi ya bwana harusi, Tantini Kunda, mwuza samaki wa Kilwa ile ya ziwani, mwanamke mrefu mwenye vidole vyenye makovu ya mapezi. Hakukaa kwenye kiti alichopewa. Alizunguka banda, akanusa, akainama, akanyosha kidole.

"Ile. Ya shingo wazi."

Kati ya wote! Yule mwenye shingo isiyo na manyoya ndiye aliyekuwa akiatamia mayai kwa Papa Kasonde, chini ya mbao, siku ya dawa ya pili. Alipatikana siku iliyofuata. Kapinga alimpa dawa kwa bomba, lakini kuku alitikisa kichwa, na kiasi gani kilishuka na kiasi gani kilirukia ukuta, hakuna aliyejua.

"Chagua ingine, tantini," alisema Exaucée haraka. "Ile iko nzee."

"Ndiyo nachagua. Ku samaki pia, ile yenye muuzaji anaficha njo nanunua kwanza."

Kapinga alimtupia binti yake jicho lililoweza kubabua kuku bila maji ya moto. Kisha akamkamata yule mwenye shingo wazi. Kidari kilikuwa kizito, lakini mkono wake ulikwisha mdanganya mara moja, na tangu siku ile hakuuamini. Alichinja. Akanyonyoa. Akatoa utumbo wote, akaunyoosha kwenye meza kutoka mwanzo hadi mwisho. Papa Kasonde alikuwa ukutani, hachokozi mtu. Wembe ukaingia.

Kiganja cha kwanza: safi. Cha pili: rojo la manjano, punje ya mahindi. Mama Mwila alikuwa akisoma sala kwa midomo. Palipokuwa na kona, wembe ulisita, na Tantini Kunda akausukuma mkono wa Kapinga kwa kidole: endelea. Cha tatu. Cha nne. Wembe ulitokea mwishoni.

Hapakuwa na kitu. Kuta za utumbo zilikuwa za waridi kama ulimi wa mtoto.

Tantini Kunda alichukua kijiti, akapekua urefu wote mara ya pili, akakitupa.

"Muzuri," alisema. "Tunakamata thelathini."

"Asante Yezu!" Mama Mwila alifungua pochi. "Mama Kapinga, kamata franga yako. Bei sawa tulisema."

Kapinga alikuwa akinawa mikono. Alinawa taratibu, akafuta kidole kimoja kimoja.

"Ile bei haiko tena."

"Munasema?"

"Ile bei ilikuwa ya kuku yenye hakuna muntu alijua ndani yake muko nini. Hata miye sikujua. Ii mumeona na macho. Mu Lubumbashi muzima, nionyeshe muntu mwingine atafungulia weye kuku mbele ya kuuza. Ninaongeza moja juu ya tano ya ile bei."

Mama Mwila alibaki na noti hewani. Aliangalia daktari ambaye hakuwepo, akaangalia ukuta, ambako Papa Kasonde alikuwa ametoweka kwa kicheko.

"Weye... weye uliua batoto yako, ulinilisha minyoka miaka saba, na leo unaongeza?"

"Dawa iliingia mu bei, Mama Mwila. Na shimo."

Tantini Kunda alikuwa amemtazama Kapinga kwa muda, macho yamebana, kama anayemwona ndugu aliyepotea zamani. Akajishika kiuno.

"Moja juu ya kumi," alisema. "Na ii yenye ulishafungua ni yangu, bure."

"Moja juu ya nane. Na manyoya utabeba nayo."

"Nane. Lakini firigisi zote nachagua miye siku ya harusi."

"Chagua."

Wakapeana mikono juu ya utumbo uliopasuliwa, na Tantini Kunda akaingia bandani kuanza kuwakamata wa kwake, akiwagusa vidari kimoja kimoja. Mama Mwila, ambaye ndiye mlipaji, hakuwa ameulizwa na yeyote.